Aliyefunga Hesabu Akafungua Tovuti

Leo, Jumatatu tarehe 30 Juni 2025, Bwana Yaqoub Sleyum wa Chumbageni anastaafu baada ya kuitumikia kampuni yetu ya uwakala wa forodha, Nia Njema, kwa miaka thelathini na mitatu. Aliingia akiwa karani wa Idara ya Uhasibu, anatoka akiwa mtengenezaji wa tovuti. Katika miaka yote hiyo sikumbuki hata mmoja uliopita bila yeye kushukiwa jambo.

Wasifu huu nimepewa kuuandika mie, Benedikta, mkaguzi wenu wa ndani. Baba yangu alikuwa mlinzi wa ghala katika shamba la mkonge, na alitulea kwa kanuni moja: mtu akikusalimia mara mbili asubuhi moja, nenda kahesabu kuku wako. Basi mie nashuku kwa kazi na nashuku kwa kuzaliwa. Msitarajie sifa za bure hapa. Kila sifa iliyomo nimeikagua.

Na niseme wazi mapema. Hadi Jumamosi ya tarehe 21 mwezi huu, wasifu huu ulikuwa na nakala mbili, moja ya kumuagia Bwana Yaqoub na nyingine ya kupeleka polisi. Mkurugenzi wetu, Mama Imakulata, alikuwa ameniagiza kwamba nisipompa jibu la kueleweka kabla ya leo, hakuna sherehe, hakuna mkono wa kwaheri, na mzee wa watu ataondoka hapa kwa gari lenye king'ora. Mliyoshika mikononi ni ile nakala ya kwanza. Ilivyopona ndiyo habari yenyewe, lakini kwanza tufuate utaratibu.

Bwana Yaqoub anatoka ukoo wa wenye maduka na mashamba ya minazi. Kwao walitaka arithi duka, yeye akachagua kusomea uhasibu, akaajiriwa hapa mwaka 1992. Aliowakuta wanasema siku ya kwanza tu alikataa kwenda nyumbani mpaka hesabu ya siku ifungwe. Neno lake lilikuwa hilo, kufunga. Alifunga siku, alifunga mwezi, na akishafunga mwaka alileta halua kutoka kwao akaigawa idara nzima. Ramadhani alifunga mara mbili, tumbo na vitabu. Neno likamkolea mpaka akimaliza chai husema ameifunga, na akimaliza kumsomesha mtoto wake wa mwisho alitutangazia kwamba na huyo amemfunga. Mama mmoja wa ofisini alishtuka akauliza gereza gani.

Nilipoletwa hapa kuwa mkaguzi, wa kwanza kumtilia shaka alikuwa yeye. Hakuwa akienda likizo. Sisi wakaguzi tunafundishwa mapema kwamba mhasibu asiyekwenda likizo ana jambo analilinda. Nikamwandikia barua ya kumlazimisha apumzike, nikakaa kwenye meza yake nikapekua. Sikupata kitu, na hilo likanitia shaka zaidi. Kabla likizo haijafika nusu, mkewe, Bi Khuloud, alipiga simu kuuliza kwa adabu kama tunaweza kumrudisha, maana mumewe amezipanga chupa za viungo kwa alfabeti na yeye haioni tena bizari.

Mwaka 2007 kampuni ikataka tovuti. Tukaletewa mafundi kutoka mbali, vijana wa tai na miwani. Waja leo, waondoka leo, kama tusemavyo Tanga. Walituachia ukurasa wenye picha ya bandari iliyojaa theluji. Bwana Yaqoub ndiye aliyetakiwa kutia saini kwamba kazi imepokelewa, akasema hatii saini kitu asichokijua ndani. Akaomba aonyeshwe yale maandishi ambayo kompyuta huyasoma ndipo ituonyeshe ukurasa. Sisi wengine tuliona kama sisimizi wamemwagika. Yeye alivuta kiti, akavaa miwani, akatabasamu. Katika maandishi yale, kila alama inayofungua kitu ina mwenzake wa kukifunga, na mwenzake asipokuwepo ukurasa mzima unakwenda upande. Alisema huo ni uhasibu uliobadili nguo.

Tangu hapo hakushikika. Akitoka kazini alipanda baisikeli yake mpaka penye kompyuta za kukodi, akajifunza kwa kukosea. Na alikosea, jamani. Kuna wiki tovuti yetu ilikuwa ya pinki yote. Kuna mwezi ilimtambulisha Mama Imakulata kwa dunia nzima kuwa ni Mkurugenzi Mtend, kwa kuwa herufi za mwisho za Mtendaji zilikatwa na ukingo wa ukurasa. Wateja wakalimalizia neno wenyewe, wakawa wakipiga simu wakiomba kuongea na Mama Mtende. Hata leo chumba cha chai kinamwita hivyo, na naomba asijue ni nani aliyeandika sentensi hii.

Kisha akaomba ahamishwe kabisa kutoka Uhasibu. Hapo mie nikasimama wima. Mtu anahamaje kutoka penye chakula kwenda penye nyaya? Nilimchunguza msimu mzima wa mvua za masika, nikauliza hadi kwa muuza kahawa wake. Jibu lilikuwa kwamba anaipenda hiyo kazi. Mie nikaandika kwenye faili kuwa maelezo hayajitoshelezi.

Kazi iliyompa jina ni ile tunayoiita Dirisha la Mizigo. Dereva au mwenye mali anaingiza namba ya mzigo wake kwenye simu, anaona karatasi zake zimefika wapi. Kabla ya hapo, dereva aliyesimama Horohoro, mpakani na Kenya, alikuwa mikononi mwa vishoka, wale mawakala wasio na leseni wanaouza uvumi. Kishoka atakwambia karatasi zako zimekwama, utoe kitu zikwamuke, na wala hazikukwama. Dirisha lilimaliza mchezo huo. Leo wateja wanatutafuta kwa sababu yake, na mishahara yetu sote inapita humo. Likizimika, Nia Njema inabaki nia tu.

Sasa nije kwenye machungwa ya mwaka 2014, maana hakuna ambaye hajayasikia na wengi wanayasimulia kombo.

Dirisha likiwa bado jipya, dereva mmoja wa Makorora, Anold, alipakia machungwa Muheza kwenda Mombasa. Karatasi zake zote zilikuwa tayari. Alipofika Horohoro akafungua Dirisha, akakuta neno moja kwa herufi kubwa: IMEFUNGWA. Kwa Bwana Yaqoub, neno hilo lilimaanisha kazi imekwisha, safi, pita. Kwa dereva lilimaanisha njia imefungwa. Anold akageuza lori. Walio nyuma yake wakauliza, akawaonyesha simu, nao wakageuza. Msafara mzima wa machungwa ukarudi Muheza na ukaozea huko, na harufu yake mnaikumbuka.

Bwana Yaqoub aliitwa mbele ya kamati akituhumiwa kuhongwa na vishoka. Nilikuwepo, na sijawahi kuona kikao kama kile. Kamati ikamwonyesha neno lile kama ushahidi wa kosa lake. Yeye akalishika neno lilelile kama ushahidi wa usafi wake. Si limeandikwa hapa imefungwa, mnataka nini tena? Kila upande ulimwona mwenzake ana wazimu. Ilichukua muda kabla mtu hajauliza kufunga ni nini, na alipojibu, mwenyekiti alivua miwani akaifuta.

Yeye akasalimika. Anold hakusalimika. Mwenye machungwa alimwita mwizi, na bosi mmoja, ambaye sasa hayupo nasi, akamwita hivyohivyo getini kwetu mbele za watu. Anold akala kiapo kwamba mguu wake hautakanyaga tena ofisi hii. Basi Bwana Yaqoub akapanda baisikeli akamfuata Makorora, akamuuliza swali moja: barabarani, dereva akitaka kumwambia mwenzake kwamba mbele hakuna kizuizi, husema nini? Anold akamjibu kwamba husema njia nyeupe. Tangu wiki ile Dirisha linasema NJIA NYEUPE, na malori yanapita.

Hayo ndiyo mafanikio, na yamekaguliwa. Sasa nije mwaka huu.

Kuanzia mwezi wa pili, Bwana Yaqoub alibadilika. Skrini yake ilikuwa ikizimwa mtu akikaribia. Alibadilisha nywila zote za Dirisha bila kumwambia mtu. Alikwenda Horohoro mara kadhaa bila safari ya kikazi, na kila Jumamosi alionekana akiingia nyumba moja ya Makorora. Mbaya zaidi, hakuingia peke yake. Queen, binti wa Uhasibu, naye alionekana akiingia. Mara nyingine nje ya nyumba ile lilisimama gari lenye namba za Kenya. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Chumba cha chai kiligawanyika: wengine wakasema mzee anaongeza mke, wengine wakasema anatuuza Mombasa. Mie sikuwa na kambi. Nilishuku yote mawili.

Kisha likaja la kumalizia. Mwanzoni mwa mwezi huu, tukinywa chai, mtu alimtania kwamba akistaafu atasahau hata rangi ya geti letu. Bwana Yaqoub akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ambayo wote tuliisikia: "Siondoki hapa kabla sijalifunga lile Dirisha."

Mtu aliyebadilisha nywila anasema atalifunga Dirisha. Mama Imakulata aliambiwa kabla chai haijapoa, na ndipo niliponyooshewa kidole: Benedikta, nipe jibu. Nikaanza nakala ya pili, na niseme ukweli, iliandikika vizuri kuliko ya kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako, hivyo ndivyo nilivyoianza.

Mtaniuliza, Benedikta, hukuyakumbuka machungwa? Sikuyakumbuka. Na nyinyi wote mliokuwepo pale mezani, mlioyacheka machungwa hayo miaka kumi na mmoja, hakuna hata mmoja aliyeyakumbuka. Mwenye shaka hana kumbukumbu, ana masikio tu.

Jumamosi ya tarehe 21, asubuhi, nikajifunga kanga nikaenda Makorora. Gari la Kenya lilikuwa nje. Nilipiga hodi nikaingia kabla sijakaribishwa, maana mkaguzi akisubiri kukaribishwa hukuta pamefagiliwa. Nilikuta mkeka, birika la kahawa chungu, sahani ya kashata, na watu wazima wamekaa duara na simu mikononi wakisoma kwa sauti kama darasa la kwanza. Alikuwepo Anold, mvi kichwa kizima. Walikuwepo madereva wengine wa hapa, na mmoja wa Mombasa mwenye lile gari. Queen alikuwa na kompyuta mapajani. Aliponiona aliniamkia shikamoo mara mbili, nami moyoni nikahesabu kuku.

Bwana Yaqoub hakushtuka. Alinisogezea mto nikae, akaniambia nimefika wakati mzuri kwa sababu wanabishana.

Walichokuwa wakifanya ni hiki. Mwezi wa pili Bwana Yaqoub alikwenda Horohoro kuwaaga madereva. Akiwa pale, akamwona kijana mmoja amemaliza kuangalia mzigo wake, lakini badala ya kutoka kwenye Dirisha kwa utaratibu, akazima simu yote. Na wa pili hivyohivyo. Akauliza. Wakamwonyesha pembeni mwa Dirisha, pale pa kubonyeza ukitaka kutoka. Pameandikwa FUNGA. Wakamwambia hakuna dereva anayebonyeza pale tangu enzi za machungwa. Nani atabonyeza afungiwe njia? Wakongwe huwaonya wageni siku ya kwanza barabarani.

Neno lake lilikuwa limekaa pale miaka yote, na yeye alidhani amelitoa. Alituambia kwamba usiku ule hakupata usingizi, akijiuliza ni maneno mangapi mengine yamejificha humo yakimsubiri astaafu. Ndipo akaamua Dirisha lote lisomwe neno kwa neno na wanaolitumia, na kila linapokwaza ulimi libadilishwe. Kwa kuwa mwenye jicho kali kuliko wote ni Anold, na Anold alishaapa hakanyagi kwetu, kikao kikawa kwake. Mwenyeji akaweka sharti moja, kwamba ofisi isijue mpaka kazi iishe. Bwana Yaqoub akakubali, na kwa ajili ya sharti hilo akaacha tumseme miezi yote tulivyotaka.

Wamefagia kwelikweli. Palipoandikwa kwamba mzigo wako unashughulikiwa, madereva walikuwa wakijua mtu anapigwa, maana mtaani ndivyo mtu anavyoshughulikiwa. Sasa panasema karatasi ziko mezani. Palipoandikwa hakuna taarifa, sasa panasema bado hatujui, na yule wa Mombasa aliapa kwamba hajawahi kuona ofisi ikikiri hivyo. Nywila zilibadilishwa ili zitoke kichwani mwa mzee ziingie mikononi mwa Queen, ambaye naye ameamua kuhama Uhasibu kwenda kwenye nyaya. Nimeshafungua faili lake.

Pale mkekani nilimuuliza Bwana Yaqoub kwa nini hakutueleza siku ile ya chai, akaacha nimwandikie polisi. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mshangao uleule wa mbele ya kamati.

"Bi Benedikta," akasema, "mie nimesema nitalifunga. Kama hamkuelewa, si mngeniuliza?"

Anold alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akaacha kucheka. Alisema yeye aligeuza lori kwa neno moja, akaitwa mwizi, na leo ofisi nzima yenye wasomi imegeuza lori kwa neno lilelile. Alisema hayo akiniangalia mie, bila hasira. Nikamwomba kashata.

Ubishi wao uliobaki ulikuwa neno la kuweka badala ya FUNGA. Yule wa Mombasa alitaka TOKA, wenzake wakasema hivyo ndivyo anavyofukuzwa mbwa. Queen alitaka MALIZA, wakasema hilo linatisha zaidi. Anold ndiye aliyesema, kwa nini tusiseme kama watu wanavyosema wakiachana vizuri? Basi kuanzia leo asubuhi, pembeni mwa Dirisha pameandikwa KWAHERI. Nimeambiwa madereva wanapabonyeza hata wasipotaka kutoka.

Nakala ya pili niliichana siku ileile, na Mama Imakulata akapata jibu lake. Kisha akauliza ni nani huyo Mtende anayetajwa kwenye nakala ya kwanza. Nikamwambia bado hatujui.

Anold nimemwalika mwenyewe kwenye sherehe hii. Alisema atafikiria, kiapo ni kiapo. Kama kuna mzee mwenye mvi amekaa meza ya mbele karibu na Bi Khuloud, basi amefikiria, na ninawaomba mumwamkie kwa heshima. Na kama kiti hicho kiko wazi, kiacheni wazi, mtu asiweke mkoba.

Bwana Yaqoub, mkaguzi wako amekupekua miaka yote hii akakosa. Nimepekua meza yako, likizo yako, muuza kahawa wako, na Jumamosi zako. Ninalazimika kuandika, kwa shingo upande, kwamba faili lako ni safi. Tunakushukuru kwa Dirisha, kwa halua, na kwa wiki ile ya pinki. Tunakushukuru zaidi kwa kumfuata mtu Makorora wakati ofisi ilikuwa imemsahau. Mungu akupe afya na umri, na ampe Bi Khuloud subira kabatini kwake.

Wenzangu, mkiwa na simu, fungueni Dirisha sasa hivi mwingize namba 1992. Queen ameuandikisha mzigo mmoja wa ziada asubuhi hii. Mwenye mali, Nia Njema. Jina la mzigo, Yaqoub Sleyum. Unakotoka, Uhasibu. Unakokwenda, nyumbani Chumbageni. Hali yake, NJIA NYEUPE.

Nasi ndivyo tunavyokuombea. Ila nina ombi moja kwako, mzee wetu, ambaye hujawahi kuacha kitu wazi tangu tukujue. Leo ukitoka, mlango usiufunge.